Jiwe la Kaburi na Beseni la Maji: Franklin Alipoitafuta Asili Yake



Wazee wa pwani, waliokuwa wafanyabiashara hodari, walituachia methali isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyeandika alichouza na alichokopesha, siku moja atafungua kabati lake alikute tupu, asijue lililotokea. Leo napenda tuichukue methali hiyo na kuitumia kwa mali ya namna nyingine, isiyowekwa kabatini wala kupimwa kwa mizani. Mali hiyo ni nasaba. Nasaba ni mfuatano wa wazazi, babu na mababu, kizazi baada ya kizazi, hadi kukufikia wewe unayesoma maneno haya. Nayo pia, isipoandikwa, hupotea bila habari.

Huenda ukajiuliza nasaba inahusiana vipi na elimu ya uraia, somo ambalo kwa kawaida huzungumzia katiba, uchaguzi na mihimili ya dola. Jibu lake ni jepesi kulitamka, ingawa uzito wake ni mkubwa. Jina la mtu haliingii daftarini lenyewe. Yupo aliyeliandika, na ipo sheria iliyomtaka aliandike. Na pale jina lisipoandikwa, mara nyingi ipo sheria au desturi iliyoamua kwamba mwenye jina hilo hastahili kuandikwa. Ili tulione jambo hili kwa macho yetu, tusafiri kwa fikra hadi Uingereza ya mwaka 1758, tumfuate mtu mmoja kutoka Marekani aliyekwenda kuitafuta asili yake.

Mhamiaji hutafutwa wapi?

Kabla ya safari hiyo, yatupasa kufahamu ugumu wa kazi yenyewe. Marekani haikuwa nchi huru kabla ya mwaka 1776. Yalikuwapo makoloni 13 yaliyotawaliwa na mfalme wa Uingereza kando ya bahari ya Atlantiki. Sehemu ya kaskazini ya makoloni hayo iliitwa New England, na mji wake mkubwa ulikuwa Boston, ulioanzishwa mwaka 1630. Kati ya mwaka 1620 na 1640 Waingereza wapatao 20,000 walihamia huko, na wengine wengi wakafuata baadaye. Wajukuu wa wajukuu wao bado wanawatafuta wahenga hao hadi leo. Mjini Boston kuna chama kilichoanzishwa mwaka 1845 kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Watu wengi wanapoanza kutafuta hudhani kwamba kila merikebu iliyovuka bahari ilikuwa na orodha ya abiria, na kwamba orodha hizo zimehifadhiwa mahali fulani zikisubiri kusomwa. Sivyo. Orodha zilizosalia ni chache. Majina ya abiria 102 wa merikebu ya Mayflower, iliyofika mwaka 1620, tunayajua kwa sababu gavana wao, William Bradford, aliyaandika kwa mkono wake miaka mingi baadaye. Katika bandari ya Bristol maofisa wa mji waliandika, kuanzia mwaka 1654, majina zaidi ya 10,000 ya vijana waliofunga mikataba ya kwenda kutumika ng'ambo. Huko Virginia mtu aliyelipa nauli ya mhamiaji alipewa ekari 50 za ardhi, kwa hiyo majina ya wahamiaji wengi hupatikana katika hati za mashamba.

Ona jambo hili, msomaji. Ofisa wa bandari, karani wa ardhi na kasisi, kila mmoja aliandika kwa haja yake. Karani alitaka kujua nani apewe shamba, na kasisi alitaka kujua nani amebatizwa. Mtafutaji wa nasaba huokota alichokiacha mtu mwingine aliyekuwa akifanya kazi nyingine.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kuanza na unachokijua kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua. Usianze na babu wa mbali. Anza na mzazi wako, kisha mzazi wa mzazi wako, na usiruke hata ngazi moja. Benjamin Franklin alifanya hivyo hasa.

Safari ya mwaka 1758

Benjamin Franklin alizaliwa Boston tarehe 17 Januari 1706, mtoto wa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni. Hakusoma shule zaidi ya miaka miwili. Akawa mpiga chapa, mwandishi, mwanasayansi aliyechunguza umeme, na hatimaye mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani. Lakini mwaka 1757, wakati makoloni yalipokuwa bado chini ya mfalme, Bunge la koloni la Pennsylvania lilimtuma London kutetea shauri la kodi. Alisafiri na mwanawe William, pamoja na watumwa wawili waliokuwa mali yao kwa mujibu wa sheria za wakati ule. Majina ya watumwa hao yalikuwa Peter na King. Tafadhali yashike majina hayo mawili, kwa maana tutayarudia.

Katika kiangazi cha mwaka 1758 Franklin alipata nafasi ya kupumzika, akaamua kwenda kukitafuta kijiji alikozaliwa baba yake. Hakwenda mikono mitupu. Alikuwa na kumbukumbu zilizoandikwa na baba yake mkubwa, aliyeitwa Benjamin kama yeye, mtu aliyependa kukusanya habari za ukoo. Kumbukumbu hizo zilisema kwamba akina Franklin walikuwa wameishi katika kijiji cha Ecton, wilaya ya Northamptonshire, kwa muda wa miaka 300, wakimiliki ekari 30 za ardhi na kufanya kazi ya uhunzi. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye aliyefundishwa uhunzi kila kizazi.

Kabla ya kufika Ecton walipita mji wa Wellingborough, umbali mfupi kutoka hapo. Waliulizia, wakamkuta bibi mmoja mzee sana aitwaye Mary Fisher. Jina lake la ukoo kabla ya kuolewa lilikuwa Franklin. Alikuwa mtoto pekee wa Thomas, kaka mkubwa wa baba yake Franklin. Bibi huyo alikumbuka siku za utoto wake, pale baba yake mdogo Josiah alipoondoka na mkewe na watoto watatu kwenda New England. Kwa muda wa karibu miaka 30 ukoo wa Marekani haukuwa umeandikiana naye hata barua moja. Sasa binamu yake wa ng'ambo alikuwa amesimama mlangoni.

Kutoka hapo wakaendelea hadi Ecton. Nyumba ya zamani ya ukoo ilikuwa bado imesimama, nyumba ya mawe iliyochakaa, lakini wanakijiji waliendelea kuiita nyumba ya Franklin. Shamba lake lilikuwa limeunganishwa na shamba la mtu mwingine, na ndani ya nyumba kulikuwa na shule. Kwangu mimi mwalimu, habari hiyo hunifurahisha kila niisomapo.

Daftari la kanisa

Kasisi wa Ecton aliwafungulia daftari la zamani la kanisa. Hapa yafaa nikueleze chanzo cha daftari hilo. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila kanisa la parokia nchini Uingereza liwe na daftari, na humo yaandikwe majina ya wote wanaobatizwa, wanaofunga ndoa na wanaozikwa. Wananchi wengi walichukia, wakihofu kwamba serikali inatafuta njia mpya ya kuwatoza kodi. Makanisa mengi yalichelewa kutii. Daftari la Ecton lilianza mwaka 1555.

Humo Franklin aliwakuta watu wake: ubatizo, ndoa na maziko ya miaka 200. Tena aligundua jambo lililomvutia. Yeye alikuwa kitinda mimba wa kiume wa kitinda mimba wa kiume, na hivyo hivyo kwa vizazi vitano. Kitinda mimba ni mtoto wa mwisho, anayefunga uzazi wa mama yake. Habari hii yaweza kuonekana kama mchezo tu wa hesabu, lakini ndani yake mna sababu ya uhamiaji. Mtoto wa kwanza alirithi shamba na karakana ya uhunzi. Wadogo zake walipaswa kujitafutia maisha kwingine. Babu yake Franklin, Thomas, aliyezaliwa mwaka 1598, alikaa Ecton hadi uzee ulipomzidi, kisha akaenda kuishi Banbury kwa mwanawe John, mtia rangi wa nguo. Kwa John huyo huyo ndiko Josiah, mdogo wa wote, alikojifunza kazi ya kutia rangi. Kwa hiyo Josiah alikuwa ameshaondoka kijijini kabla ya kuondoka nchini.

Sababu ya pili ilikuwa dini. Sheria za Uingereza za wakati huo zilikataza mikutano ya ibada nje ya kanisa rasmi la taifa, na waliokusanyika kwa siri walisumbuliwa. Josiah alikuwa miongoni mwa waliotaka kuabudu kwa namna yao. Marafiki zake walipoamua kuhama, naye aliona heri afuatane nao. Ukoo huo ulikwisha kuzoea kushikilia imani yake. Kumbukumbu za baba mkubwa zilisimulia kwamba, katika enzi ya Malkia Mary, miaka ya 1553 hadi 1558, mhenga wao mmoja alikuwa na Biblia ya Kiingereza iliyofungwa kwa tepe chini ya kigoda. Alipotaka kuisomea familia yake, alikipindua kigoda magotini na kufungua kurasa, huku mtoto mmoja akisimama mlangoni kutazama kama askari wa mahakama ya kanisa anakuja. Akionekana, kigoda kilirudishwa chini, na Biblia ikatoweka.

Boston haikumpokea Josiah kwa kazi yake. Watu wa New England hawakuhitaji mtia rangi wa nguo wa kutosha kumlisha na familia yake, basi akageukia kutengeneza mishumaa na sabuni kwa mafuta ya wanyama. Mke wake wa kwanza, Anne, alifariki mwaka 1689. Akamwoa Abiah Folger wa kisiwa cha Nantucket. Kwa wake hao wawili alipata watoto 17, na Benjamin alikuwa mtoto wa kiume wa mwisho.

Tarehe zinazogombana

Sasa nakuomba uvae miwani ya mwanahistoria. Josiah alihama mwaka gani?

Franklin, alipoandika habari za maisha yake mwaka 1771, alisema ilikuwa karibu na mwaka 1682. Katika barua aliyomwandikia mkewe Deborah tarehe 6 Septemba 1758, baada ya kuzungumza na bibi Mary, alisema ilikuwa karibu na mwaka 1685. Wataalamu waliolinganisha kumbukumbu za Uingereza na za Boston wanautaja mwaka 1683. Tazama: mtu mmoja mwenye akili nyingi, akizungumzia tukio kubwa kuliko yote katika historia ya ukoo wake, anatupa miaka miwili tofauti, na yote miwili si sahihi.

Hata mawe hukosea. Katika makaburi ya Granary mjini Boston, Franklin aliwawekea wazazi wake jiwe lililosema kwamba baba yake alizaliwa mwaka 1655, akafa mwaka 1744 akiwa na miaka 89. Lakini Josiah alizaliwa tarehe 23 Desemba 1657, na kwa kalenda yetu ya leo alifariki mwezi Januari 1745. Alikuwa na miaka 87. Umri ulioandikwa ni wa mapenzi ya mwana kwa baba, si wa daftari.

Kuhusu mwaka wa kifo, hapo jiwe halikukosea. Hadi mwaka 1752, Uingereza na makoloni yake zilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi. Januari ilikuwa mwezi wa mwaka unaokwisha, si wa mwaka unaoanza. Ndiyo maana Januari tunayoiita ya 1745 wao waliiita ya 1744. Vivyo hivyo, siku ya kuzaliwa Franklin iliandikwa tarehe 6 Januari 1705, nasi tunaisoma tarehe 17 Januari 1706. Wasomaji mliokulia pwani hamtashangaa sana, maana mmezoea kuishi na kalenda mbili, ya Hijria na ya Miladia. Lakini mtafutaji asiyelijua jambo hili anaweza kumpa mtu mmoja vifo viwili.

Funzo la sehemu hii ni kwamba kila chanzo kina udhaifu wake. Kumbukumbu ya mzee ina uhai, lakini huteleza katika miaka. Daftari lina tarehe, lakini halisemi kwa nini Josiah aliondoka. Jiwe ni gumu, ila maneno yake hutoka kwa wanaoomboleza. Mwenye busara huviweka vyote mezani na kuviacha visemezane.

Beseni la maji

Sasa tufike uani kwa kanisa la Ecton, mahali ambapo hasa nilitaka kukuleta.

Mke wa kasisi aliwatoa nje akawaonyesha makaburi ya akina Franklin. Mawe yalikuwa yamefunikwa na mimea midogo ya kijani iotayo penye unyevu, hata maandishi hayakusomeka. Mama huyo akaagiza brashi ngumu na beseni la maji. Peter akainama akayasugua mawe hadi yakatakata. Herufi zilipojitokeza, William akayanakili maandishi. Franklin mwenyewe ndiye aliyetuhadithia haya katika ile barua yake kwa mkewe.

Soma tena sentensi hizo, msomaji, na uwaangalie watu watatu waliokuwa mbele ya jiwe lile. Mmoja anatafuta majina ya wahenga wake. Wa pili, mwanawe, anayaandika majina hayo kwa ajili ya kizazi kijacho. Wa tatu anayasugua mawe ili wawili hao wasome. Huyo wa tatu naye alikuwa na baba, na baba yake alikuwa na baba. Barua inamtaja kwa jina moja tu, Peter, jina la Kiingereza, bila la ukoo. Mwaka mmoja kabla, katika wasia aliouandika kabla ya kupanda merikebu, Franklin aliagiza kwamba Peter na mkewe Jemima waachwe huru baada ya yeye kufa. Peter aliingia katika maandishi yale kama alivyoingia mtumwa yeyote: katika orodha ya vitu ambavyo mwenye mali anaamua vifanyweje.

Jina lenyewe Franklin linazidi kulikaza fundo hili. Katika Kiingereza cha zamani neno hilo lilimaanisha mtu huru mwenye ardhi yake, ambaye si mtumishi wa bwana wala si mtukufu wa ukoo wa kifalme. Jina lililokuwa likisuguliwa na mtumwa lilikuwa na maana ya uungwana.

Haikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Ilikuwa kazi ya sheria. Massachusetts ilikuwa imeagiza tangu mwaka 1639 kwamba vizazi, ndoa na vifo vya wakazi viandikwe. Lakini huko Virginia, mwaka 1662, ilitungwa sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata baba akiwa nani. Mtoto wa Mwingereza alifuata jina la baba yake, akarithi shamba na jina. Mtoto wa mwanamke Mwafrika alifuata utumwa wa mama yake, na baba akafutwa katika karatasi. Hata baada ya Marekani kupata uhuru, hali iliendelea. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi, karibu wote bila majina. Sensa ya mwaka 1870, ya kwanza baada ya utumwa kukomeshwa, ndiyo iliyoyaandika majina yao pamoja na ya raia wengine wote. Hadi leo Mmarekani mweusi anayetafuta nasaba yake akirudi nyuma hadi mwaka huo, mara nyingi hugonga ukuta. Ili avuke, humlazimu kutafuta katika wasia na hati za mauzo za wale waliowamiliki wahenga wake.

Mwenzake Peter, yule King, alijiandikia habari nyingine. Karibu na wakati ule ule wa safari hizo alitoroka. Miaka miwili baadaye Franklin alimwandikia mkewe kwamba King amepatikana katika wilaya ya Suffolk, kwa bibi mmoja aliyempa kazi na kumfundisha kusoma, kuandika na kupiga ala za muziki. Naona fahari ndogo katika habari hiyo: mtu ambaye wengine walimwandika kama mali, sasa aliweza kuandika mwenyewe.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba Franklin alibadilika. Gazeti lake lilikuwa limechapisha kwa miaka mingi matangazo ya kuuza watumwa na ya kuwasaka waliotoroka. Lakini mwaka 1787 alikubali kuwa rais wa chama cha kupinga utumwa huko Pennsylvania, na mwezi Februari mwaka 1790 alitia sahihi ombi lililopelekwa Bungeni likitaka utumwa ukomeshwe. Bunge halikuukomesha. Tarehe 17 Aprili mwaka huo huo Franklin alifariki.

Tunajifunza nini?

Ipo methali nyingine ya Kiswahili ambayo bila shaka umekwisha kuisikia: mwacha asili ni mtumwa. Kwa kawaida tunaitumia kumwonya anayedharau lugha, mila au jamaa zake. Ni onyo zuri. Lakini mbele ya jiwe la Ecton methali hiyo inatutaka tutafakari zaidi. Peter hakuiacha asili yake. Ilichukuliwa, kisha hapakuwekwa daftari ambalo angeweza kuitafutia. Hapo ndipo tunapoona kwamba utumwa ulikuwa zaidi ya kazi bila ujira. Ulikuwa pia kumkata mtu na waliomtangulia na watakaomfuata.

Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa, ambacho wengi wetu hukikumbuka siku ya kuandikisha mtoto shule tu, ni jambo la uraia. Kwa cheti hicho dola inakiri: huyu ni mtu, ana jina, ana mama na baba, na alizaliwa hapa siku hii. Waingereza wa mwaka 1538 waliliogopa daftari kwa sababu ya kodi, na pengine hofu yao ilikuwa na msingi. Lakini daftari hilo hilo ndilo lililomwezesha mjukuu wa mhunzi, aliyekuja kutoka ng'ambo ya bahari baada ya miaka 200, kusema bila kusitasita: hawa ni watu wangu.

Basi nakuachia kazi ndogo. Wiki hii mtafute mzee wa ukoo wako, awe bibi, babu, shangazi au mjomba. Mwamkie kwa adabu, keti naye, mwulize majina ya wazazi wake na ya wazazi wa wazazi wake, wametoka wapi, na kwa nini walihama. Andika anavyosema, hata miaka ikigongana. Andika pia majina ya watu waliofanya kazi nyumbani kwenu, waliolima, waliolea na waliopika, ambao huenda hakuna mtu mwingine atakayewaandika. Kila ukoo una watu waliosoma mawe, na una watu walioyasugua. Daftari la haki huwaandika wote.

Maswali ya kujipima

1. Eleza maana ya methali mali bila daftari hupotea bila habari, na uonyeshe jinsi inavyohusiana na nasaba.
2. Taja sababu mbili zilizomfanya Josiah Franklin ahame Uingereza.
3. Kwa nini jiwe la kaburi la Josiah linataja mwaka 1744 badala ya 1745?
4. Linganisha jinsi sheria za makoloni zilivyomtendea mtoto wa Mwingereza na mtoto wa mwanamke mtumwa.
5. Tunga insha fupi yenye kichwa: Mtu wa Nyumbani Kwetu Ambaye Jina Lake Halijaandikwa.